Sanduku Namba Sabini na Tatu

Mimi ndiye ninayepanga barua katika mji huu wa Dakota,
watu mia nne na kumi, visanduku mia mbili vya shaba,
kwa hiyo habari za binti yangu nilizijua kabla yake:
nilizishika, nikazipima kwenye mizani,
nikazitia katika sanduku letu, namba sabini na tatu,
kama sheria inavyotaka, bila kuchungulia.

Alipokuwa na miaka kumi na mitano zilikuja kwa kishindo.
Bahasha za kung'aa, zimechorwa tai, dubu, vimbunga,
za vyuo ambavyo hata wapiga tarumbeta wana basi lao.
"Mpendwa Signi," zilisema. "Mpendwa Sidney."
Moja ilimwita Bwana.
Babake alizibandika kwenye jokofu
mpaka sumaku zikatuishia, tukaazima za jirani.

Kisha mtoto akaacha kurefuka.
Sentimita mia moja sabini na moja, basi,
kama mtu aliyefika kwake akavua viatu.
Barua zikapungua jinsi baridi inavyoingia nyumbani:
hakuna aliyefungua dirisha, ila vidole vinajua.
Hakuna chuo kilichoandika "hatukutaki."
Vikubwa havisemi hapana. Vinanyamaza,
na kimya hakihitaji stempu.

Signe hakuuliza. Alipita posta akitoka mazoezini,
nywele zimeganda barafu, akaitazama sabini na tatu,
akanitazama mimi,
akanunua bahasha asiyoihitaji.

Februari, theluji imefika kwenye vioo vya magari,
akaja mwanamke na gari lenye mlango wa rangi nyingine.
Rosalind Haugerud, kocha wa Tarnholt,
chuo cha wanafunzi mia tisa, mwendo wa saa nne barabara ikiwa kavu,
na barabara haikuwa kavu.
Alikaa safu ya juu na daftari kama la mtoto wa darasa la tatu.
Usiku ule Signe alifunga pointi sita.
Sita!
Babake alishusha kofia hadi kwenye nyusi.

Jikoni kwangu, mbele ya viazi na nyama ya kusaga,
kocha hakututandazia picha za majumba.
"Pesa ya mpira hatuna hata senti," alisema.
"Akija, atasaidiwa kwa alama zake za hesabu,
na kitakachobaki, mama, mtakikopa.
Basi letu halina choo. Jezi nafua mwenyewe.
Jumanne asubuhi nafundisha takwimu."
Mume wangu akakohoa. Nikamkanyaga chini ya meza.

Akafungua daftari, akalisukuma kwa Signe.
Pointi hazikuwamo. Aliandika:
"Robo ya pili: amemwonyesha namba kumi na mbili pa kusimama, pasi bado haijatoka.
Robo ya tatu: mwamuzi amekosea. Ameuokota mpira, amempa mkononi.
Benchi: hajakaa."
Binti yangu alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari,
kama mtu anayeonyeshwa picha aliyopigwa asijue.

"Na urefu wangu?" akauliza.
"Nimeuona," akasema kocha. "Niongezee viazi."

Barua ilifika siku ya tisa.
Kalamu ya mkono, stempu imepinda,
na jina, Signe Brekhus, kila herufi mahali pake.
Ilipungukiwa senti kumi na mbili.
Kisheria, mpokeaji hulipa au barua hurudi ilikotoka.
Nikatoa pochi, nikajihesabia senti juu ya kaunta,
nikajiandikia risiti.

Wapo wanaoniuliza dirishani kama si hasara,
mtoto aliyeandikiwa na vyuo vya kwenye televisheni.
Sijui. Pengine ni hasara.
Deni nitalisikia mimi, kila mwezi, kwa bahasha ya dirisha.

Lakini niliona alivyoisoma amesimama,
theluji ya viatu ikiyeyuka sakafuni kwangu,
akairudia mara mbili, akaja kaunta kama mteja yeyote.
"Nipe stempu moja," akasema.
Nikamuuzia. Kwa bei kamili.