Milio Mitatu

Inawaka, lakini haiamki.
Feni inazunguka, taa ya kijani inakonyeza,
halafu tii, tii, tii,
kioo kinabaki cheusi.
Inazima yenyewe, inajaribu tena,
mlevi anayetafuta tundu la ufunguo.

Ni msimu. Soko la Kibaigwa limejaa,
malori yamejipanga hadi barabara ya Morogoro,
na humu, ofisini kwa Mama Mbeleje,
madeni ya ghala zima yamefungiwa
ndani ya boksi la bati lisilotaka kusema.

Wamenizunguka, kila mmoja daktari.
"Virusi," anasema mbebaji, gunia bado begani.
"Umeme wa jana ule, ulikatika mara nne."
"Ipige kofi ubavuni, redio ya baba ilikuwa hivyohivyo."
Chiduo wa mizani anasema heri daftari,
daftari halijawahi kugoma.
Mama Mbeleje anamkumbusha
daftari la mwaka juzi lililiwa na mchwa
kuanzia herufi M.

Mimi nasikiliza milio.
Mmoja, mfupi, ungekuwa salamu.
Mitatu ni malalamiko, na kila kampuni
ina lugha yake ya kulalamika.
Hii naijua: inatafuta kumbukumbu, haizioni.

Nachomoa waya. Nabonyeza swichi, nahesabu kumi,
hata umeme uliojificha utoke.
Skrubu nne; ya tano ilipotea
kabla sijajua kushika bisibisi.
Kava linatoka, na
jamani.
Pumba.
Pumba za mahindi, vumbi jekundu, bawa la mende,
na punje moja nzima, imelala chini ya feni.
"Hiyo nayo ipimwe," anasema Chiduo,
Mama Mbeleje anacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi.

Napuliza kwa pampu ya baiskeli.
Nachomoa memori, vipande viwili,
meno yake ya dhahabu yamefifia.
Nani ana kifutio?
Kimya. Watu wa magunia hawatembei na vifutio.
Nyemo, binti wa muuza maandazi, darasa la nne,
anatoa chake mfukoni mwa sketi,
kimetafunwa upande mmoja.
Anataka kujua kama kitarudi.
Kitarudi, kikiwa kidogo zaidi.
Nasugua taratibu, kwenda na kurudi,
kama anayefuta hesabu aliyoikosea
akiogopa kutoboa karatasi.

Kipande cha kwanza. Tii, tii, tii.
Nakitoa, nakiweka juu ya meza, mbali.
Kipande cha pili, tundu lilelile.
Nabonyeza.

Tii.

Mmoja. Mfupi.
Mbebaji anashusha gunia.
Kioo kinapauka, kinafikiri, kinaandika:
tarehe mosi Januari, elfu mbili na tisa.

Betri ya saa imekufa, nawaeleza,
mashine haijui imelala muda gani.
Mafaili yapo. Majina yapo, pamoja na yale ya M.
Ni siku tu zilizoipita.

Hapo Ndahani, anayedaiwa magunia kumi na moja
tangu mvua zile zilizokatika Februari,
anasogea, anavaa miwani,
anaisoma tarehe kwa sauti,
mara mbili.
"Basi kwa saa ya huyu," anasema,
"mimi sijakopa bado.
Muacheni alivyo."

Kicheko kinafika mpaka kwenye malori.
Mama Mbeleje hacheki.
Anafungua fundo la khanga, anahesabu,
anamtuma Nyemo kwa fundi saa ng'ambo ya barabara:
betri, ile bapa, ya ukubwa wa kitufe cha koti,
na chenji irudi.

Tunasubiri.
Kwa robo saa hivi
ni mwaka ambao humu hakuna anayedaiwa,
na Ndahani ameketi kwenye kiti cha ofisi,
kile cha kuzunguka,
miguu ameinyoosha, anauliza bei ya mahindi leo
kwa sauti ya mwenye ghala.