Vijiko Vitatu

Mimi ni mwana wa Bondeni, Nakuru,
na bonde lenyewe nimelibeba kifuani.
Dada yangu Nyaboke alilipima siku moja kwa kijiko cha uji,
nimelala chali sakafuni, yeye ana kikombe cha maji:
kimoja, viwili, vitatu,
kisha likafurika, likanimwagikia hadi kitovuni.
Tukacheka mpaka mama akaja kuuliza kulikoni.
Ndiyo ikawa mara ya mwisho kulichekea.

Watu husema asiyeweza kuficha siri hana kifua.
Basi mimi nilikuwa nacho,
tena kipana kuliko vya wote darasani:
miaka minne nilificha kifua ndani ya kifua,
sweta juu ya shati, shati juu ya fulana,
jua la Januari likichoma vumbi la uwanjani
na mwalimu wa michezo akiuliza, "Ogeto, una homa?"
Nilijikunja kama barua isiyotumwa.
Mabega yalikuja mbele kulinda,
yakasahau kurudi.

Chumba cha Bi. Jebiwott kiko nyuma ya dobi la hospitali,
kinanuka jiki na mvuke wa mashuka.
Hana mashine za ajabu. Ana mkeka, mpini wa ufagio,
chupa ya soda yenye maji nusu, mrija,
na taulo aliloliviringa kama chapati ya safarini.
"Lilalie, likae katikati ya mgongo.
Fungua mikono. Tuone."
Tuone!
Nilifungua vifungo kama mtu anayelipa deni kwa sarafu.

Hakushtuka. Hakusema pole.
Aliweka kiganja pale shimoni, kina baridi ya kunawa,
akasema, "Sukuma mkono wangu kwa pumzi."
Nikasukuma. Haukuinuka.
"Basi kesho."

Wanjugu wa Njoro, yeye kidari kimechomoza kama cha kuku,
amefungwa mkanda mgumu chini ya blauzi.
"Ungenigawia kidogo," nilimwambia.
"Chukua chote, na mkanda juu. Unawasha kama upupu."
Bi. Jebiwott akagonga sakafu kwa mpini:
"Kicheko nacho ni zoezi. Lakini kitoke tumboni, nyie,
si kooni kama wagonjwa."

Miezi minane.
Mapovu chupani: sekunde nne, saba, kumi na moja.
Visigino ukutani, mgongo ukutani, kisogo ukutani,
chokaa ya nyumba ikinichora shati
hata mama akaacha kugomba.
Asubuhi nyingine niliruka, sitadanganya.
Asubuhi nyingine nililala juu ya taulo nikalia tu,
mikono wazi,
na hilo nalo lilinyoosha kitu.

Jumamosi Nyaboke alileta kijiko.
Kimoja. Viwili.
Vitatu, likafurika palepale.
Tukatazamana. Bonde halijasogea hata unywele.
"Sasa vuta pumzi," akasema.
Nikavuta, mbavu zikafunguka kwa pembeni,
maji yakapanda nami, yakatetemeka ukingoni,
yakatulia.
Nikayashikilia juu hapo
mpaka Nyaboke akachoka kuhesabu.

Kisha nikayamwaga, nikavaa shati,
nikatumwa mkate dukani.
Nilikuwa nimefika, nimeshapewa chenji,
ndipo nikaona sijafunga vifungo viwili vya juu.