Kutoa Upepo

Pijo ya marehemu baba huzimika Manchali.
Si Ihumwa, si Buigiri. Manchali,
penye kilima ambacho hata baiskeli haikihesabu.
Inakohoa mara mbili, kama mgeni anayebisha hodi,
kisha kimya.
Lori la mahindi la Kibaigwa linanipita
kwa honi ndefu isiyo na salamu.

Nakaa robo saa, natafuna karanga.
Nikiwasha, inawaka,
kama mtu aliyesingizia usingizi.

Fundi wa kwanza, Chang'ombe, alisema nozeli.
Nikanunua nozeli. Nne, kwa bei ya ndama.
Ikazimika Manchali.
Wa pili alisema pampu, akaishusha, akaipeleka
kwa mtu anayemjua mtu Morogoro.
Ikarudi wiki ya tatu imepakwa rangi ya fedha.
Ikazimika Manchali, inameta.
Wa tatu alilizunguka gari, mikono nyuma,
akauliza kama marehemu aliacha deni.

Mke wangu Sechelela hakusema "uza."
Alisema tu, akipepeta uwele,
"Jirani yake ameiuza kwa kilo."

Na wote, kabla ya kunawa mikono, neno lilikuwa moja:
"Imeingiza upepo. Toa upepo."
Basi nikajifunza kutoa upepo.
Spana namba kumi, nusu mzunguko, usizidishe.
Kidole gumba kwenye pampu ya mkono,
sukuma, sukuma, mapovu yanatoka
meupe kama ya mtoto anayeota meno,
sukuma hadi dizeli ije nzito, isiyo na mzaha.
Kaza.
Na huku Julai ya Dodoma inavuma,
inaingia kwenye kola, kwenye masikio, kwenye ugali,
inang'oa bati la choo cha shule.
Toa upepo! Katika mji huu!
Ungeniambia nitoe chumvi Bahi.

Ndahani si fundi wa magari.
Anatengeneza mashine za kusaga, Buigiri,
nyusi zake nyeupe kwa unga wa watu wengine.
Nilisimama kwake kuomba maji ya rejeta.
Akauliza, bila kuinua kichwa,
"Ikizima, ukingoja, inawaka yenyewe?"
"Yenyewe."
"Basi upepo hauna kosa. Upepo hauna subira.
Kuna kitu kinavutwa, kinaziba mdomo.
Ukizima kinaachiliwa, kinazama, kinalala."
"Na Manchali je?"
"Manchali ni dakika arobaini kutoka kwako, basi."

Tukashusha tanki kwenye kivuli cha mashine,
dizeli tukaichuja kwa chandarua kwenye ndoo za uji.
Ndahani akazamisha waya uliopinda,
akavua, akakosa, akatukana kwa Kigogo, akavua.
Mfuko wa chumvi.
Wa nusu kilo, laini kama ngozi ya maziwa,
herufi zimeliwa, imebaki SAFI peke yake.

Nikaukumbuka. Mwaka ule kifuniko kilidondoka njiani,
mvua ya Januari ikiwa juu yetu,
baba akafunga mdomo wa tanki kwa mfuko wa chumvi
na kipande cha mpira wa baiskeli.
"Kwa leo tu," alisema.
Kwa leo tu. Miaka kumi na mmoja.

Ndahani hakutaka hela. Alitaka nimfikishe Mbande,
kwa shemeji yake, kuna ng'ombe hawakuhesabiwa sawa.
Tukapita Manchali kwa gia ya nne.
Niligeuka nimwambie, nikamkuta amelala, mdomo wazi,
unga unamtoka kidogo kidogo kila tukipiga tuta.

Mfuko nimeufua kwa sabuni mara tatu.
Bado unanuka. Ndimo ninamotunza spana namba kumi.

Siku ileile, karibu na Chalinze,
nilianza kusikia, chini, upande wa kushoto,
kitu kinagonga polepole,
kwa adabu.