Matone Kumi na Moja

Bi Mwamtumu hakubisha hodi maabara.
Alisukuma mlango kwa goti,
kwapani fungu la kivumbasi, mkononi kandambili iliyokatika,
akasema: Mwalimu, jani lako hili.
Nimelichuma kabla jua halijalinywa.

Hapa Pongwe shule haina mtambo wa kukenekea.
Tuna sufuria ya presha ya marehemu mama yangu,
mpira wa dripu tuliopewa na zahanati,
ndoo ya maji ya bomba, na barafu
ya kukopa kwa Shemhilu muuza samaki.
Kidato cha Tatu wakaizunguka
kama watu wanaongoja wali wa shughuli.

Mvuke ukapanda, ukapita mpirani, ukapoa,
ukadondokea chupani: maji yenye ukungu kama tui la tatu,
na juu yake, yakielea,
matone ya rangi ya samli.
Zawadi Kihiyo akayavuta kwa bomba la sindano, akahesabu.
Kumi na moja.
Kwa ndoo nzima ya majani!
Bi Mwamtumu alicheka hadi akaegemea meza:
Ndoo nzima, Mwalimu, umeigeuza machozi ya paka.

Nikachukua chaki.
Nikachora pembesita ya kaboni, mkia wake wa kaboni tatu,
oksijeni na hidrojeni zimeshikana pembeni.
Eujenoli, nikasema. Ndiyo iliyomo kwenye karafuu,
ndiyo harufu ya chumba cha meno kule Bombo;
hutia ganzi, humkera mbu,
huwachosha bakteria kwenye ufizi.
Akainua kope:
Kumbe ina jina la shule?
Sisi tuliijua kwa kazi yake tu.

Nikamuuliza kipimo.
Konzi moja kwa sufuria ya chai, na ufunike;
usipofunika umeitibu dari.
Mtoto ajifukize kwa mbali, nguo isimzibe uso.
Mja mzito usimpe kabisa.
Na homa ikilala siku ya pili
usimzungushe mtu na majani, mpeleke akapimwe damu:
kivumbasi humfukuza mbu mlangoni,
hakimtoi mdudu aliyekwisha kuingia ndani.
Niliandika yote. Hakuna kitabu changu
kilichowahi kuniambia habari ya dari.

Wiki iliyofuata Zawadi alileta fungu jingine,
la kwa bibi yake, juu, njia ya Amani.
Jani lile lile, ua lile lile la zambarau hafifu.
Nikakeneka. Nikanusa.
Nikairudisha chupa mezani taratibu.

Haikuwa karafuu.
Ilikuwa kafuri.
Ilikuwa pamba, sanda, maji ya uvuguvugu,
mlango wa uani uliofunguliwa saa kumi alfajiri,
mimi nimesimama nje, nimeshika ndoo ambayo hakuna aliyeniomba,
na nyuma ya pazia wanawake wakiambiana:
mgeuze, mgeuze polepole.

Bi Mwamtumu ndiye aliyemwosha.

Nilimpelekea chupa zote mbili. Alikuwa anachambua dagaa.
Akafuta vidole kwenye kanga, akanusa ya kwanza,
akanusa ya pili,
akakaza vizibo kama anayezima koki.
Cha bondeni cha jino, cha mlimani cha maiti.
Hukujua?
Hata ndugu wa tumbo moja hawatoki jasho sawa.

Sikujua. Vitabu vina kurasa juu ya jambo hilo,
mmea mmoja, kemia mbali mbali, udongo, mwinuko, mvua,
na majedwali ya kufumbia macho.
Yeye alilimaliza kwa maneno manane
kisha akarudi kwenye dagaa zake.

Jana nimekeneka majani ya adhuhuri,
kichaka kile kile, ndoo ile ile.
Matone saba.
Nikamtuma Zawadi akamwambie.
Akarudi anahema, na majibu mawili:
Hayo manne mwambie kayanywa jua.
Na kandambili yangu
kaiweka wapi?