Zambarau Inatoka Vizuri?

Ipo kitandani, kati ya vitenge viwili na chupi za wiki nzima,
imefumba jicho.
Begi limejaa nusu. Alfajiri ni basi,
kisha Moshi mjini, kisha bodaboda hadi Kibosho,
na sijaamua.

Niseme bei kwanza, maana bei ndiyo inayozungumza nami usiku:
ng'ombe wawili wa maziwa, wenye mimba,
na chenji ya kuezekea banda.
Harusi arobaini na moja za Njiro na Sakina na Kwa Mrombo,
magoti yangu kwenye zulia jekundu,
bibi harusi akininong'oneza nimpunguze shavu.
SACCOS bado wananikata mpaka mwezi wa sita.
Bima haina.

Na Desemba ya kule juu haina adabu.
Ukungu unaingia sebuleni bila hodi,
watoto wa kaka Melkiori wana vidole vya mafuta ya mbuzi
na kila mmoja anataka kuona alivyotoka.
Mwaka juzi Apolinari alitua kata ya mbege
juu ya lenzi yangu.
Akasema, si kuna kifuniko?

Mwaka jana niliibeba hivyo hivyo.
Nikarudi na picha elfu moja mia mbili,
nikazipitia usiku mmoja hapa Ngarenaro:
baba akigawa nyama, kila mtu na pande lake,
shemeji amelala mdomo wazi,
Manka akipiga hatua ya kwanza.
Mimi simo hata moja.
Sikumbuki kama ile ndafu ilikuwa na chumvi.
Manka alinijia mikono mbele,
nikarudi nyuma hatua mbili
ili aenee.

Kwa hiyo jana nilikuwa nimeamua. Ibaki.
Mama Ndeonansia wa chumba cha pili aifungie kabatini,
chini ya mashuka, niende na simu
yenye kioo kilichopasuka, kama watu.

Shangazi Filotea hapigi simu, anabipu.
Jana alipiga.
"Unakuja na ile mashine?
Nataka picha ya jeneza.
Usinyamaze, hela inakwenda.
Ile ya kitambulisho siitaki, nimekaa kama mwizi wa kahawa.
Klaudia walimkata kwenye picha ya kipaimara cha mtu,
bega la mtu lipo mpaka leo pale msalabani.
Mimi nataka ya kwangu, ningali na meno,
ningali najua ninacheka nini."

Nikamwambia kuna vumbi.
Nikamwambia kuna mvua.
Akaniacha nivitaje vyote viwili,
nikaongeza na vibaka wa stendi.
Nilisikia kuku wake nyuma, na kijiko kikigonga sufuria.
Kwani una nini, shangazi?
"Sina kitu. Nina miaka themanini na miwili
na blauzi mpya."

Ya rangi gani?
(Kazi ni ugonjwa. Niliuliza rangi.)

"Zambarau. Zambarau inatoka vizuri?"

Nikasema inatoka,
hasa asubuhi, upande wa zizi,
kabla ukungu haujanyanyuka.
"Na wewe utakaa wapi?"
Nyuma ya mashine, shangazi.
Akafikiri, kwa hela yake.
"Basi ya kwanza yangu. Ya pili tukae wote.
Apolinari atabonyeza."

Apolinari.

Saa saba usiku. Nimetoa chupi tatu na kitenge kimoja.
Lenzi ndefu inabaki, ile ya makanisani;
kule hakuna atakayekuwa mbali.
Mfuko wa kamera nimeuviringisha ndani ya sweta la baba,
nimeufungua tena, nimeuviringisha tena.
Betri iko kwenye chaji, taa yake nyekundu inakonyeza ukutani,
na umeme wa mtaa huu tunaujua:
unaweza ukaniamulia wenyewe.
Nimekaa macho, nauangalia.