Zulia la Bi Mwanamkuu

Tulilibeba wawili, mimi mbele, Shali nyuma,
na kwenye kichochoro cha Mkomani
tukakutana na punda wa mchanga.
Punda hakurudi. Tulirudi sisi.

Shali alitaka kuanza na jiki.
Nikamwambia, ngoja, sufu si shuka.
Kwanza pembe, ile inayolala chini ya kabati:
tone la maji, kitambaa cheupe, hesabu hadi mia.
Kitambaa kikainuka kimepiga wekundu.
"Umeona? Hili lina haya. Haliparamiwi."

Kisha nikamvuta karibu: sikiliza kifua changu.
Ule mluzi niliupata mwaka wa ujuaji,
jiki na siki ndoo moja,
choo hakina dirisha.
Shali akaifunga chupa, akaiweka mbali,
akafungua na mlango ambao haukuwa umefungwa sana.

Maji ya kisima hapana. Chumvi yake
hukauka ikaacha ukungu.
Tulichota ya birika, ya mvua,
sabuni kidogo kuliko alivyotaka Shali,
burashi ikifuata malaika ya sufu
kama unavyompapasa paka, si kinyume.

Siku tatu darini, tukiligeuza.
Likadondosha kokwa ya tende,
kibanio, na jino la mtoto
ambaye sasa ana ndevu.

Bi Mwanamkuu hakutazama rangi.
Aliinama akanusa.
"Elfu tatu, kwa maji tu?"
Maji ni mia, bibi. Zilizobaki ni za kungoja.
Akahesabu elfu mbili na mia nane,
akavua ndara.