Mdhamini wa Tatu

Tangazo limebandikwa kwa uji wa muhogo
mlangoni pa ofisi ya kata, Simbo:
Mtafiti Msaidizi, vinasaba vya mchikichi.
Nafasi moja. Uzoefu: miaka mitatu.

Shahada ya Morogoro ninayo, kwenye bahasha ya kaki,
na miezi minane ya kuhesabu mbegu za watu.
Miaka mitatu sina.

Mama, mikono myekundu mpaka viwikoni,
haulizi mshahara. Anauliza, "Wamepoteza nini
hata watafute?"
Jeni, mama. Ile inayoamua ganda liwe nene,
au jembamba, mafuta yakazidi.

Anaokota chikichi, analing'ata,
analitema kiganjani mwangu limepasuka.
"Hili la mti wa babu yako. Nene.
Ule wa bondeni mwembamba, ila wanawe
hawamfuati wote. Katika wanne
mmoja hurudia unene wa bibi yake,
na mmoja tasa."

Mwaka wa pili, muhula mzima, kwa mkopo,
nilifundishwa hilo.

Usiku najaza fomu kwa tochi ya simu.
Mdhamini wa kwanza, profesa. Wa pili, mkuu wa idara.
Wa tatu: Domitila Ntibahezwa.
Cheo: mkamua mawese.
Simu: ya jirani.
Pigeni jioni. Asubuhi yuko bondeni.